Fyuzi ya Jumatatu

"Mimi katika nyumba hii sihesabiwi mtu," Besi alisema kwa ile sauti yake ya kushindana na spika, mpaka jirani wa chumba cha pili akapunguza redio asije akapitwa na neno. "Mama yangu amezikwa, nimesimama kaburini na jua lote lile, na hakuna aliyenipa pole ya maana. Mnanitazama utadhani ni mimi niliyewasha kiberiti."

"Nani amekutazama?" dada yake aliuliza. Huyu ndiye aliyemfuata ziwa, na tangu wadogo hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamnywesha mumewe chai kwa kijiko. "Umeingia bila hodi, umeanza kufoka kabla hujakaa. Anayekutazama anatazama kelele."

"Mwulize huyo mumeo gari lile alilipeleka kwa fundi gani wa vichochoroni baada yangu mimi. Nyaya zangu haziunguzi hata unywele. Kuna mtu alikuja akachezea kazi yangu, na huyu anamjua, na hamtaji kwa sababu alikwenda huko kutafuta rahisi."

Mume alikuwa dereva wa teksi, na mtaa mzima ulimwita Dereva hata akiwa amebeba ndoo ya maji. Alimeza chai yake. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji kutoka ncha za vidole mpaka viwikoni, ameilaza mapajani kama mizigo aliyoachiwa na mtu. 

"Unamwona? Kimya. Mtu mwenye jibu safi hanyamazi siku kumi na nane."

"Kaka, shusha sauti."

"Sishushi. Jumapili mjomba anakuja, nimeshamwita. Nitakuja na ushahidi mkononi, na ukishauona, funga mzigo wako twende. Huwezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyemuua mama kwa ubahili."

Dada aliweka kijiko ndani ya kikombe. Neno lile alikuwa amelisikia msibani likinong'onwa, likamwingia. Sasa limesemwa mbele ya mumewe mwenyewe. Akamgeukia Dereva. "Na wewe sema. Hata neno moja."

"Chai imepoa," Dereva akasema.

Besi akacheka kicheko cha puani, akatoka akiuacha mlango wazi.

Ufundi wa Besi, hata adui yake hakuukataa. Kontena lake lilikuwa nyuma ya mziba pancha. Nusu kontena kwa kweli, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa stoo ya matairi. Aliacha shule darasa la saba. Mama yao, aliyewalea kwa kufua nguo za watu, alimkuta siku moja ameifungua redio ya jirani vipande ishirini mezani. Alimchapa kwanza. Kisha mwisho wa mwezi akamnunulia chuma cha kulehemu, akamwambia kama ni kuharibu, aharibu kwa vifaa.

Basi akawa fundi wa mziki wa magari, na jina la Besi likamkaa. Hakuna spika aliyoifunga mlangoni kabla hajaigusisha betri ya tochi. Karatasi ya spika ikiruka mbele, amejua chanya ni ipi. Ikirudi nyuma, anageuza nyaya. Wako mafundi wasiojali hilo, wanafunga spika moja inasukuma na mwenzake inavuta, mwenye gari anabaki kushangaa besi imekwenda wapi na yeye amenunua spika mbili. Amplifaya hakuipa umeme wa kuombaomba nyuma ya redio. Alivuta waya mnene, unene wa kidole cha mtoto, moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, ukalala chini ya zulia mpaka kwenye buti. Shubiri moja tu kutoka kwenye betri aliweka fyuzi, na hapo kila mteja, apende asipende, alisomewa hotuba.

"Hii fyuzi si mlinzi wa mziki," alikuwa akisema, amekunja mikono. "Ni mlinzi wa waya. Waya huu ukigusa bodi na fyuzi haipo, betri inamwaga yote iliyo nayo, na wewe umekalia jiko. Tena fyuzi haikatiki bure. Ikikatika, imeona kitu. Usikimbilie kubadilisha, tafuta ilichokiona."

Wateja walitikisa kichwa wakitazama saa. Lakini walirudi, na walileta ndugu zao.

Alikuwa na alama yake pia. Mafundi wengine wakiunganisha shaba huisokota kama mkia wa nguruwe, wakaivika utepe, wakasahau. Besi aliigawa mafungu matatu akaisuka, akakunja ncha irudi ndani isije ikamchoma mtu. Ususi huo aliujua tangu ana miaka tisa. Mama alitoka alfajiri kwenda kufua, na kichwa cha dada kilimsubiri yeye kabla ya shule. Alisuka kwa hasira, akimvuta nywele, lakini alisuka vizuri.

Teksi ya shemeji yake aliifunga mziki kwa undugu, siku nzima, na akajisifia mwezi mzima.

Jumanne ile Dereva alikuwa anampeleka mama mkwe kliniki ya macho. Mama alikaa nyuma, na mkoba wake mapajani. Kwanza walinusa mpira unaoungua, na kila mmoja akadhani ni gari la mbele. Halafu moshi ukatoka chini ya zulia, mweusi, mzito, si wa kupepea kwa mkono. Dereva akakanyaga breki, akazima gari, moshi ukaendelea. Ufunguo haukuwa na amri juu ya waya ule. Akaruka nje. Vitasa vya umeme vilikuwa vimeshakufa, na mlango wa nyuma haukufunguka ndani wala nje. Alivunja kioo kwa kiwiko, akaingiza mikono katika moto uliokuwa umeshapanda kwenye kiti. Mkwe ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akimsalimu ameinamisha macho, siku hiyo alimbeba kifuani akavuka naye barabara, yeye mwenyewe anafuka shati.

Mama aliishi siku tano. Moto haukumla sana, ni moshi. Siku ya nne alipata sauti kidogo akauliza kama mkoba wake umeokolewa, kwa sababu ndani kulikuwa na kadi ya kliniki, na bila kadi wangemrudisha mwisho wa foleni. Wakamwambia upo.

Watu walisema ni waya, na Besi akawahi kusema ni kweli, ni waya, lakini si wangu, umechezewa. Alilisema mara ya kwanza akiwa na mashaka nalo. Kufika mara ya kumi alikuwa analiamini kuliko jina lake. Nyani haoni kundule, na huyu hata kioo hakukitafuta.

Ijumaa alikwenda yadi ya vyuma chakavu, mabaki ya teksi yalikopelekwa. Mwenye yadi alikuwa mwanamke mzito wa mwili na wa kauli, aliyeitwa Mama Kutu, na hakuinuka kwenye kiti chake.

"Unatafuta nini?"

"Uongo wa mtu."

"Huo hatupimi kilo. Gari lipi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Teksi ilikuwa imekaa juu ya matofali, magurudumu yameshauzwa. Viti vilikuwa springi tupu. Besi alitazama kiti cha nyuma mara moja tu, kisha akaenda mbele, akalazimisha boneti kwa nondo mpaka likaachia.

Kwenye ukuta wa injini aliliona tundu. Mpira aliouweka pale kuzuia waya usikwaruzwe ulikuwa umekwenda, umeungua au umechomoka zamani, nani ajuaye. Upande mmoja wa tundu bati lilikuwa limeumwa, na tone la shaba limegandia hapo. Waya uligusa hapa, akasema moyoni. Sawa. Lakini ukigusa, fyuzi inakatika, mambo yanaishia hapo. Kwa nini haikukatika? Kwa sababu mtu aliiondoa. Sasa ndiyo nakupata, shemeji.

Kishikio cha fyuzi kilikuwa kimeyeyuka kikawa donge jeusi, kimening'inia kwenye kipande cha waya. Akakikata kwa koleo, akachuchumaa, akakipasua juu ya jiwe.

Ndani hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha shaba, kirefu kama kiungo cha kidole, kimesukwa mafungu matatu, ncha imekunjwa irudi ndani.

Alikaa chini kwenye mafuta na vumbi, na suruali yake ya kutokea.

Ilikuwa Jumamosi, wiki sita kabla ya moto. Dereva alikuja kontena akasema mziki umekata. Besi alikuwa na mteja wa spika nne anayempigia honi, na jua linazama. Akafungua boneti, akaona fyuzi imekatika. Ya ampea sitini hakuwa nayo, na duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Akachuna shaba kwenye kipande cha waya, akaisuka huku akimjibu mteja wa spika nne, akaipachika mahali pa fyuzi, mziki ukarudi.

"Shemeji," Dereva alimuuliza, "si huwa unasema ikikatika imeona kitu?"

"Imeona kelele zako. Punguza sauti. Jumatatu nakuletea fyuzi."

Jumatatu haikuja. Yaani ilikuja, na Jumanne yake, lakini Besi hakuja. Dereva alimkumbusha, akaambiwa Jumatatu ziko nyingi, asiwe na wasiwasi. Alimkumbusha tena mbele ya wateja, na Besi akawaambia wateja kwamba huyu shemeji akipewa maji ya kunywa atadai na kikombe. Watu walicheka. Baada ya hapo Dereva hakukumbusha tena, kwa kuwa hata mtu mpole huvumilia dharau mara mbili tu.

Yote hayo Besi alikuwa ameyasahau. Hakuyaficha, aliyasahau, kama anavyosahau mtu alipoweka chupa tupu. Ndiyo maana aliweza kusimama pale chumbani na kufoka kwa moyo mweupe.

"Umekipata?" Mama Kutu aliuliza alipomwona anapita.

"Nimekipata."

"Shaba hiyo. Weka kwenye mizani."

Akaweka. Mshale haukutikisika. Mama Kutu akamtazama usoni, halafu akatazama pembeni. "Chukua tu," akasema. "Haina uzito."

Nje ya yadi kulikuwa na mtaro mpana wa maji machafu na daraja la mbao. Besi alisimama katikati, shaba kiganjani. Kuifungua ile ngumi lilikuwa jambo la kupepesa macho. Jumapili angesema ushahidi umeibwa yadini, angefoka zaidi, na dada yake angefunga mzigo. Dereva asingefungua mdomo. Siku zote hizo hakuufungua.

Hapo ndipo jambo jingine lilipomfikia, polepole, kama maji yanayopanda kwenye kiatu. Dereva alikuwepo siku ile. Dereva alishika taa. Alijua tangu moshi wa kwanza kilichomo ndani ya kishikio kile, na alikaa akinyweshwa chai akiitwa muuaji, akatazama sakafu.

 Hakuitupa ile shaba. Aliitia mfukoni akaenda dukani kwa muuza vipuri.

"Fyuzi ya sitini," alisema.

"Ya gari gani?"

"Wewe nipe tu."

"Sitini ni kubwa, fundi. Usije ukaunguza gari la watu," muuza vipuri akamtania, kama alivyozoea kumtania, na akashangaa kuona amelipa bila kujibu.

Jumapili mzigo wa dada ulikuwa mlangoni: begi moja na furushi la shuka. Mjomba wao alikaa kwenye kiti chenye mto. Alikuwa ndugu pekee wa mama yao aliyebaki, mlinzi mstaafu wa shule, mtu wa kufuta miwani kila anapotaka kufikiri. Dereva alikaa palepale pake. Alikuwa amevaa shati la kutokea, na aliyemfungia vifungo ni mke aliyekuwa anajiandaa kumwacha.

"Haya, mpwa wangu," mjomba akamwambia Besi. "Wewe ndiye uliyetuita. Umesema una ushahidi."

Besi alisema kitu.

"Sema juu. Mwenye masikio mabovu hapa ni mimi, si wewe."

"Nimesema ninao." Akatoa shaba akaiweka mezani. "Hapa ndipo ilipotakiwa fyuzi. Badala yake ndiyo hii."

Dada akawahi kuichukua. Aliisogeza dirishani penye mwanga, akaigeuza, akaipapasa ile ncha iliyokunjwa. Mkono wake wa pili ukapanda wenyewe mpaka kisogoni, ukabaki pale.

"Aliyeiweka ni mimi," Besi akasema. "Jumamosi moja. Fyuzi ilikatika, sikutafuta kwa nini. Nilikuwa na haraka. Nilimwahidi kumletea nyingine Jumatatu, akanikumbusha, nikamfanya kichekesho mbele ya watu. Hakwenda kwa fundi yeyote. Hakuna aliyechezea kitu. Yote niliyoyasema humu ni uongo, ila sikujua. Sasa najua."

Mjomba alivua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu, na alipoirudisha machoni hakumtazama mtu.

Dada alimgeukia mumewe. "Ulijua?"

"Nilimshikia taa akiisuka."

"Na ukakaa kimya. Mtu anakuita muuaji ndani ya nyumba yako, mimi nafunga shuka, na wewe unaniambia chai imepoa."

Dereva akamgeukia. "Mama umeshamkosa. Nikaona kaka naye asiwe wa pili." Akasogeza mikono yake mapajani. "Halafu na mimi niliendesha. Wiki sita, najua kilichomo, naendesha na watu nyuma. Ningesema yeye, ningeishia wapi?"

Hakuna aliyelia, machozi ya nyumba ile yalikuwa yamekwisha hospitalini. Dada aliiweka shaba mezani mbali na yeye, akabeba begi lake na furushi akayarudisha chumba cha ndani. Alipotoka alisimama mbele ya kaka yake, akamwambia bila kupandisha sauti: "Usije hapa mpaka nikuite. Na sijui kama nitakuita. Usimtume mtu kuniuliza."

"Sawa."

"Usiseme sawa kama vile umenikubalia kitu."

Akatoka uani, wakasikia anamimina maji kwenye karai, kisha anasugua nguo ambayo huenda ilikuwa safi.

Mjomba akainuka, akashika fimbo yake. "Nilikuja kumhukumu mwingine," alimwambia Besi. "Kwako wewe sikuandaa neno. Nikilipata nitakuja kukuambia, na usinisubiri na chakula." Akaenda zake.

Wakabaki wawili, mashemeji, na ile shaba katikati. Besi alikuwa mtu wa kuongea mpaka usingizini, lakini sasa alikaa anatazama bandeji zile, unene wake, mahali madoa ya njano yalipopenya. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni.

"Shemeji, kuna kitu chako." Akaiweka fyuzi mezani, mpya, bado ndani ya kijikaratasi chake cha plastiki. "Ninajua gari halipo. Ninajua ni upuuzi. Lakini nilikuahidi, na sijui pa kuanzia pengine."

 Uani maji yalimwagwa, mengine yakachotwa.

"Ni ya sitini?" akauliza.

"Ya sitini."

"Mikono yangu haishiki."

Besi akaichukua fyuzi mezani.

"Niwekee mfukoni," Dereva akasema, akainua kidevu kumwachia nafasi.

Besi akainama, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo baada ya kumponyoka mara mbili.

"Hiyo imekwisha," Dereva akamwambia. "Hiyo ya fyuzi. Sasa nenda, kabla dada yako hajarudi ndani."